Wodini kuna "Mtoto wa Neema" wawili na mfumo mpya hauwatofautishi. Tununue skana, au?

Sista wa Njiti (mwanzisha mada)

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, hospitali ya wilaya ambayo sitaitaja. Nina miaka kumi na moja kazini, minne ya mwisho yote na njiti. Nimekuja na swali, ila lazima nianze na kisa, mnivumilie.

Tangu Machi tumehama kutoka mafaili ya manila kwenda kompyuta. Na nisiwe mnafiki, mengi yamekuwa bora. Zamani daktari akiandika dozi mnakaa wauguzi watatu mnabishana kama hiyo ni 1 au 7. Sasa inasomeka, majibu ya maabara yanakuja bila mtu kuyafuata kwa miguu, na faili halipotei.

Sasa kisa. Zamu ya usiku, tupo wawili, watoto 27. Kati yao wawili mama zao wote wanaitwa Neema. Mmoja kazaliwa ametimiza miezi, kilo 3.4, anatibiwa maambukizi. Mwingine njiti, kilo 1.3, naye anatibiwa hivyo hivyo. Wote wapo kwenye gentamisini, dawa ya kuua bakteria. Kwenye orodha ya kompyuta wanasomeka "Mtoto wa Neema" na "Mtoto wa Neema", mmoja juu ya mwingine kama mapacha. Namba ya usajili ipo, lakini ni maandishi madogo ya kijivu ambayo mimi mwenye miwani siyaoni saa nane mchana, sembuse saa tisa ya usiku.

Kwa wasio wa fani: kichupa chetu cha gentamisini ni miligramu 80 kwa ml 2, yaani kimetengenezwa kwa mtu mzima. Tunaongeza maji ya sindano ml 6 ili kila ml iwe na miligramu 10, ndipo unaweza kupima kwa mtoto. Yule mkubwa dozi yake ni miligramu 17, yaani ml 1.7. Njiti ni miligramu 4, yaani ml 0.4. Mwenzangu akafungua ukurasa, akasoma, akavuta dawa, akaja nihakiki naye kabla hajachoma. Nikatazama bomba, nikamtazama njiti amelala pale, kifundo chake ni kama kidole changu. Mkono ukakataa. Nikamwambia, "Hebu ngoja mdogo wangu, hii mbona nyingi?"

Tukarudi kwenye kompyuta. Alikuwa amefungua Neema asiye wake.

Hakuna aliyedhurika. Lakini gentamisini ikizidi inashika figo na masikio, na mtoto akija kuonekana hasikii akiwa na miaka miwili, nani ataikumbuka sindano ya usiku ule?

Nikaandika taarifa ya tukio. Kikao kikakaa. Mmoja akataka iandikwe "uzembe wa muuguzi". Mwingine akasema kuna fedha kidogo, tununue skana na bangili zenye barkodi, uskani mguu wa mtoto na dawa kabla ya kumpa, mambo yaishe. Wa tatu akasema wauguzi waongeze umakini. Umakini, saa tisa ya usiku, watoto 27, watu wawili!

Walio kwenye hospitali zilizotangulia kuingia kwenye mifumo hii: nini kimewasaidia kweli? Skana ndiyo jibu? Nawasilisha.

---

Fundi Seva

Sista pole, na huo mkono uliokataa upewe posho.

Mimi ni mtu wa TEHAMA hospitali ya mkoa, mfumo tumekaa nao miaka sita, kwa hiyo nimeshatukanwa na kila kada. Nakwambia ukweli: tatizo lako la kwanza si skana, ni jina. Nenda pale masjala uangalie mtoto anavyosajiliwa. Kompyuta inamlazimisha karani ajaze sehemu ya jina la kwanza, la sivyo haimpi namba. Mtoto hana jina. Wengine wanasubiri siku ya saba, wengine wanasubiri babu apige simu kutoka kijijini. Karani anajaza "Mtoto wa", anamaliza, foleni inasogea. Hapo ndipo kosa la saa tisa ya usiku limezaliwa, saa nne asubuhi, na aliyelizalisha wala hakugusa dawa.

Na hili si letu peke yetu. Hospitali ya Montefiore kule New York walikuwa na ugonjwa huohuo, watoto wote ni "Babyboy" na "Babygirl" na jina la ukoo. Wakabadilisha kitu kimoja tu, jina la mama likaingizwa ndani ya jina la mtoto, kama "Wendysgirl". Maagizo yaliyoandikwa kwa mtoto asiye mwenyewe yakapungua kwa asilimia 36.3. Walichapisha mwaka 2015. Hawakununua kifaa hata kimoja.

Walivyopima ndiko kulinifurahisha zaidi. Kosa la namna hii halijiripoti, kwa hiyo waliifanya kompyuta yenyewe itafute maagizo ambayo daktari ameandika, akayafuta ndani ya dakika chache, kisha daktari yuleyule akaandika agizo lilelile kwa mgonjwa mwingine. Yaani wameupima ule mshtuko wa "lahaula, siye huyu". Mwambie mtu wenu wa mfumo atafute hivyo kwenye kumbukumbu za miezi yenu tangu Machi, kisha upeleke hiyo namba kikaoni. Neno "uzembe" litakosa mtu wa kulisema.

Ila usiwaige Montefiore kichwa kichwa. Kwao jina la mama linatofautisha. Kwetu Neema wamejaa, Mariamu wamejaa, Asha ndiyo usiseme. Sisi tumeweka jinsi, namba ya uzao, halafu majina matatu ya mama: "Kike 1 wa Neema Petro..." na kuendelea. Mapacha wanakuwa 1 na 2. Hata mtoto wa pekee tunampa 1, ili karani asianze kufikiria.

Mengine mawili kabla sijalala. Muombe mtu wa mfumo ukurasa wa mgonjwa mmoja tu uwe wazi kwa wakati mmoja. Ukiwa na kurasa nne chini pale unachapa dawa ya huyu kwa yule. Na majina yakifanana, utokee mstari wa njano wenye maneno "jina linafanana". Uwe wa njano tu, msiweke kengele. Sababu ya kengele mwenzangu wa famasi ataieleza, namwona yuko mtandaoni.

---

Ng'wana Sengerema

Fundi huku kwetu Usukumani mapacha hawasubiri siku ya saba, wa kwanza Kulwa wa pili Doto, kitovu hakijakatwa tayari wana majina. Raha iliyoje. Sasa wiki iliyopita wodini tulikuwa na Kulwa watatu na Doto watatu. 😂

---

Dozi na Dawa

Nimeitwa, nimekuja. Mfamasia hapa.

Sista, wale wa kikaoni wanaosema skana itamaliza mambo, wasimulie hiki. Mwaka 2013, hospitali kubwa ya chuo kikuu San Francisco, Marekani. Mahali pana kompyuta, pana roboti la kufungasha dawa, pana skana kila kitanda. Kijana wa miaka 16 amelazwa, kilo 38.6, anatakiwa ameze kidonge kimoja cha dawa ambayo sisi tunaijua kama Septrini. Akapewa vidonge 38 na nusu. Kwa mkupuo.

Ilikuwaje? Daktari alitaka miligramu 160. Kile kisanduku cha kujaza dozi kilikuwa kimesimama kwenye miligramu kwa kila kilo ya uzito. Akaandika 160, kompyuta ikatii: mara 38.6. Onyo lilitokea kwa daktari, akalipita. Likatokea kwa mfamasia, akalipita naye, na mimi simlaumu, maana siku nzima mfumo ulikuwa unapiga kelele kwa kila kitu, kikubwa na kidogo, sauti moja. Mtu akililiwa "mwizi" mara mia kwa siku, ya mia moja na moja hageuki. Roboti likafungasha bila swali. Muuguzi wodini, ambaye wala haikuwa wodi yake ya kawaida, akaona vidonge vingi, akashangaa. Akaskani. Skana ikasema ndiyo, dawa ni hii, mgonjwa ni huyu, idadi ni hii. Akampa kijana vyote.

Kijana alipata degedege, akapona, ashukuriwe Mungu. Lakini angalieni: skana haikukosea! Ilithibitisha kwa usahihi kabisa agizo lenye kosa. Yule dada aliona kama Sista wa Njiti alivyoona, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mashine iliyomwambia "endelea".

Kwa hiyo kwetu famasi nilikubali maonyo machache tu yasiyopitika, mengine yote nimeyazima. Dawa ya mtoto haiandikiki bila uzito, na uzito uwe wa leo au jana, maana njiti anabadilika. Gentamisini ikizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku kwa mtoto mchanga, agizo halipiti kabisa, daktari anipigie simu. Ananipigia, ananilalamikia, lakini ananipigia. Kwa hizo ml 1.7 kwa njiti wa kilo 1.3, Sista, hiyo ni miligramu 13 kwa kila kilo. Kama mwenzako angelazimika kuingiza alichovuta pale kitandani, mfumo ungegoma wenyewe.

---

Mama Wawili

Samahanini, mimi si mtaalamu, niliona tu neno njiti nikaingia. Nilijifungua mapacha wa wiki 31, nikakaa wodini siku 38. Naomba niseme kitu kimoja kama mama.

Sista akija usiku anauliza, "Wewe ndiye mama Neema?" Unajibu ndiyo. Unajibu ndiyo hata kama umesikia nusu, una usingizi, una maumivu ya mshono, na unaogopa kumchelewesha. Mimi niliwahi kuitika "ndiyo sista" na jina lililoitwa si langu. Nilikuwa naitikia sauti, sikuwa naitikia jina. Kama mngeniuliza, "Mama, majina yako nani, na mtoto wako ni wa jinsi gani, ana kilo ngapi?", ningeamka vizuri. Hakuna mama wa njiti asiyejua kilo za mtoto wake. Gramu tunazihesabu kama mshahara.

Na kingine. Niliwafunga wanangu uzi miguuni, mmoja mwekundu mmoja mweupe, nikaambiwa ni mambo ya kienyeji, ukakatwa. Ulikuwa uzi wa kuwatofautisha tu jamani, sikuwa nimewapeleka kwa mganga.

---

Sista wa Njiti

Mama Wawili umenichoma pazuri. Hiyo "wewe ndiye mama Neema" ni mimi mtupu. Na nyuzi nimeshazikata nyingi. Nisamehe kwa niaba ya aliyekukatia.

Dozi na Dawa, hesabu yako nimeipiga kwenye simu mara mbili, ni 13 na ushee kweli. Sikuwa nimeiangalia kwa kilo. Nimekaa kitandani najisikia baridi.

---

Kaka wa Leicester

Salamu kutoka baridini. Nilisomea uuguzi Dar, sasa ni mwaka wa saba niko Uingereza, na skana naishika kila siku. Nitawatetea kidogo wenye skana maana naona inapigwa pande zote.

Inasaidia. Mgonjwa asiye mwenyewe inamkamata, na pale dawa mbili zenye boksi zinazofanana zimekaa rafu moja, inakamata. Ila inasaidia pale ambapo inatumika kama ilivyokusudiwa, na hapo ndipo penye kazi. Bangili inalowa, inajikunja, mtoto anaitafuna. Betri inakufa katikati ya mzunguko wa dawa. Toroli la kompyuta halipiti mlangoni. Basi nesi anafanya nini? Anachapisha bangili ya ziada, anaibandika kwenye toroli, anaskani ile. Watafiti waliochunguza hospitali tano za Marekani walichapisha mwaka 2008 kwamba wamehesabu aina 15 za njia hizi za mkato na sababu 31 zinazozileta. Kuna barkodi za wagonjwa zilikutwa kwenye miimo ya milango, nyingine zimening'inizwa kiunoni kwa nesi kama funguo za mwenye nyumba! Kila "piii" inasajiliwa kwamba mgonjwa amehakikiwa, na mgonjwa yupo mita kumi kutoka pale.

Sista, kabla hawajanunua, uliza maswali ya kimaskini. Bangili za kifundo cha mtoto wa kilo moja zinapatikana, na ngozi yake itazihimili? Zikiisha nani ananunua nyingine, na kwa fungu lipi? Printa ikiharibika Ijumaa jioni? Nimeona mashine nzuri nyumbani zimefunikwa vitambaa kwa kukosa karatasi yake maalumu.

---

Mkunga wa Pwani

Hamjambo. Mimi ni mkunga Mombasa, nimebakisha miaka miwili nistaafu, wanangu ndio hunifungulia hili jukwaa.

Mmesema yote isipokuwa siku stima inapotea. Kwetu ilipotea usiku, jenereta ikakataa, tukarudi kwenye karatasi, vizuri kabisa, tumezoea karatasi. Shida haikuwa gizani. Shida ilikuja stima iliporudi! Dada wa zamu ya asubuhi akafungua kompyuta, akaona dawa za saa kumi na mbili zote zina alama nyekundu, hazijatolewa. Zilikuwa zimetolewa, ziko kwenye karatasi, na karatasi iko mfukoni mwa aliyekwenda kulala. Mtoto mmoja alipata dozi ya pili. Alhamdulillahi ilikuwa ya vitamini.

Tangu hapo tuna faili moja jekundu, limefungwa kwa kamba kwenye meza, halitoki pale. Stima ikipotea, kila kitu huandikwa humo. Ikirudi, hakuna wa kugusa dawa hadi yaliyo humo yaingizwe, na unaingiza saa ambayo dawa ilitolewa. Si saa unayochapa. Mwanangu Fundi, mfumo wenu unaruhusu hilo? Wetu ulikataa mwezi mzima, ulikuwa unaweka saa ya sasa peke yake. Tuliwapigia kelele hadi wakageuza.

Na huyo mama wa nyuzi, mwanangu, bibi zetu wakifunga uzi vilevile. Mimi nafunga plasta mguuni na jina nimeliandika kwa kalamu, tunalisoma wawili kwa sauti, mama akisikia.

---

Fundi Seva

Bibi shikamoo. Wetu unaruhusu, lakini kitufe chake kimefichwa mahali ambapo hata mimi nilikitafuta. Kesho nakihamisha.

---

Thieta Namba Mbili

Niongeze fupi. Kusoma kwa sauti anakokusema mkunga ndiyo teknolojia iliyotuokoa sisi wa upasuaji. Ile orodha ya ukaguzi ya WHO ya vipengele 19 ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa hapa Ifakara, ikiwa kundi moja na London, Seattle na Toronto. Matokeo yalitoka Januari 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja. Na swali lake la mwanzo kabisa, kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, ni la kuthibitisha yeye ni nani. Tena linaulizwa kwa mdomo.

---

Sista wa Njiti

Wakuu, narudi na mrejesho, zimepita wiki tatu.

Kijana wetu wa mfumo alitafuta yale maagizo ya kuandika na kufuta, kama Fundi alivyoelekeza. Namba sitaiweka hapa, ni mali ya hospitali. Ila Mganga Mfawidhi aliisoma, akanyamaza, akaisoma tena, na ile karatasi yenye neno "uzembe" ikatolewa kwenye faili la mdogo wangu. Hilo peke yake lilinitosha.

Jumatatu tulibadili majina ya watoto wote waliokuwa wodini, 19, kwa mtindo wa jinsi, namba, majina matatu ya mama. Karani wa masjala alinuna hadi tukamletea chai. Kikomo cha gentamisini kimewekwa, cha ampisilini, dawa yetu nyingine ya maambukizi, bado, tunasubiri. Skana hazijanunuliwa, zile fedha tumeomba zinunue mizani ya pili ya watoto, maana iliyopo tunaazimana na kliniki na ndiyo sababu uzito ulikuwa unaandikwa wa juzi. Faili jekundu limefungwa kamba. Umeme umeshakatika mara mbili.

Plasta mguuni tunaandika, na sasa nauliza, "Mama, majina yako nani?" Mmoja juzi alinijibu, "Sista, si jana tu umeniuliza?" Nikamwambia na kesho nitakuuliza.

Shida iliyobaki: lebo. Printa inachapa herufi 24 tu halafu inakata. Nimepata "Kike 1 wa Neema Petro Ma" na "Kike 1 wa Neema Petro Mw". Ndiyo, tuna wengine, na hawa Neema wote wawili ni Petro. Nimeomba namba ya usajili ipande juu, iwe kubwa na nyeusi, jina lifuate. Kijana anasema haiwezekani, imejengwa hivyo. Fundi Seva, nimekutumia picha ya lebo kwa ujumbe wa faragha, majina nimeyafuta. Hebu niambie kama kweli haiwezekani au hataki tu.